ANTENA YA REDIO ISIYOMKERA MWENYE NYUMBA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Bila shaka umewahi kuona juu ya kituo cha polisi au afisi za bandarini mlingoti mrefu wenye nyaya, ukajua papo hapo kwamba ndani mna redio ya kusema na kusikia, si ile ya taarifa ya habari na taarab peke yake. Redio ya aina hiyo wengine huiita redio koli, wengine redio ya upepo. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi redio kama hiyo inavyoweza kutumika nyumbani, katika ploti ya kupanga hapa hapa Kiembeni, bila mlingoti, bila kutoboa bati, na bila ya mpita njia kutambua kwamba pana antena. Ninayoyaandika si ya kusimuliwa. Mwenye redio ni ami yangu, nami ndimi niliyemshikia ngazi.

Ami alikuwa afisa wa redio melini. Kazi yake ilikuwa kuketi katika chumba kidogo, masikioni ana vifaa vya kusikilizia, akipokea na kutuma mikato ya Morse, nukta na vistari. Kazi hiyo ilikwisha. Tangu tarehe 1 Februari 1999 meli za safari za kimataifa zilitakiwa ziwe zimehamia mfumo mpya wa usalama wa baharini, wenye setilaiti na redio zinazotoa mwito wa hatari kwa kubonyeza kitufe, na afisa wa Morse hakuhitajika tena. Ami akarudi nchi kavu na ujuzi wake, akachukua leseni ya redio ya ridhaa.

Redio ya ridhaa ni nini? Kama vile kuna mpira wa kulipwa na mpira wa ridhaa, ndivyo ilivyo katika redio. Wako watu duniani kote wanaozungumza kwa redio bila ya malipo wala biashara, kwa kujifunza na kwa mapenzi tu. Kila mmoja hupewa jina la mwito na serikali ya nchi yake, na mwanzo wa jina hilo hukuambia mwenyewe yuko wapi. Majina ya Kenya huanza na 5Z4. Kabla ya Uhuru yalianza na VQ4. Ukisikia 5H huyo yuko Tanzania, 5X ni Uganda, A4 ni Oman. Hata Sultani Qaboos wa Oman, aliyefariki Januari 2020, alikuwa na jina lake la mwito, nalo ni A41AA. Wallahi mimi nilipoambiwa hivyo nilidhani Ami anifanyia mzaha.

Najua wako watakaosema, "Siku hizi kila mtu ana simu, redio ya nini?" Swali ni zuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kuchechemea Afrika Mashariki nzima. Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima usiku, na kabla ya mwaka kwisha ukapotea hivyo tena. Mlingoti wa simu huishi kwa umeme na kwa nyaya za watu wengine. Redio ya Ami huishi kwa betri ya gari ya volti 12, na kati yake na mtu anayezungumza naye hakuna kitu ila hewa. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ile iliyoua mtu mmoja hata huku pwani ya Kenya, ilipovipiga visiwa vya Andaman vya India, simu zilikufa kabisa. Ikatokea kwamba kikundi cha watu wa redio ya ridhaa kilikuwa huko kwa shughuli zake, na wao ndio waliopeleka habari za walio hai na waliopotea. Na katika nchi yetu, madaktari waendao kwa ndege wa AMREF walikuwa wakiitwa na hospitali za mbali kwa redio tangu miaka ya 1960.

Basi tuje kwenye shida yenyewe. Redio bila antena ni kama ngoma bila ngozi, na Ami alipohamia ploti yetu mwenye nyumba alimwita barazani akamwambia waziwazi. "Mzee mwenzangu, chombo chako sina ugomvi nacho. Lakini mimi sitaki mlingoti hapa, sitaki bati langu litobolewe, na sitaki mtu apitaye njiani ainue kichwa aseme, pale pana kitu cha kuiba." Alikuwa na haki yake. Nyaya za shaba huibwa mchana kweupe, na bati likitobolewa masika huingia ndani. Ami hakuwa na uwezo wa kuhama tena, na tayari mtu mmoja alikuwa amekuja kuiangalia redio kwa nia ya kuinunua. Nilimwona Ami akiifuta vumbi kwa kitambaa kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari.

Kabla sijaendelea nataka jambo moja lieleweke, maana nawajua wenzangu. Kuificha antena isiwe kero machoni mwa watu si sawa na kuificha redio mbele ya sheria. Kurusha mawimbi bila ya leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa, hata kama ni kwa zile woki-toki ndogo za bei rahisi zinazouzwa madukani. Leseni ya Ami alionyeshwa mwenye nyumba, na mzee wa Nyumba Kumi akaonyeshwa pia, akaisoma mpaka nyuma ambako hapakuandikwa kitu. Majirani wote waliambiwa. Asiyejua ni mpita njia peke yake. Mtu akificha redio hata kwa majirani, siku moja ataitwa jasusi, na kwa Mombasa hilo si neno la mzaha, kwani tuna historia nalo.

Mwaka 1942, baada ya ndege za Kijapani kuushambulia mji wa Colombo, jeshi la majini la Uingereza lilihamishia manowari zake Kilindini. Pamoja nazo walikuja mabingwa wa kufumbua mafumbo ya siri ya Wajapani. Walipewa wapi pa kufanyia kazi? Katika shule! Ile shule ya Allidina Visram ambayo wengi wetu tumeipita ndiyo waliyoichukua, wakatundika antena zao na kuanza kutega masikio kuelekea mashariki. Lakini mawimbi ya meli za Japani yalifika yamechoka kwa umbali, mengi hayakusomeka, na mwaka 1943 wakarejea Colombo. Nimekitia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba antena si suala la ukubwa wa jeshi. Mahali ilipo na umbali wa unayemsikiliza ndivyo vinavyoamua.

Sasa hesabu kidogo, wala usiruke aya hii. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya 300 kwa masafa ya redio yaliyohesabiwa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi moja kwa mita. Waya hupenda kuwa nusu ya wimbi. Mfano, kwa megahezi 7.1 wimbi lina urefu wa mita 42 na kidogo, nusu yake ni mita 21, kisha unapunguza kama asilimia 5 kwa sababu umeme katika ncha za waya huuona waya kuwa mrefu kuliko ulivyo. Jibu ni mita 20. Kwa megahezi 14.2 utapata mita 10, na kwa 28.4 utapata mita 5. Umeiona siri? Waya wa mita 20 ambao ni nusu wimbi moja kwa 7 ni nusu wimbi mbili kwa 14 na nne kwa 28. Waya mmoja hula meza zote.

Kwa kawaida waya wa nusu wimbi hukatwa katikati na kulishwa hapo, ukawa na umbo la herufi T. Umbo hilo huonekana sana, tena wataka kitu cha kuushikilia katikati. Ami akachagua kuulisha mwishoni. Tatizo ni kwamba mwishoni mwa waya ukinzani ni mkubwa, kama omu 2,500, na redio hutaka omu 50. Hapo ndipo inapohitajika transfoma ndogo: ringi ya feraiti, iliyozungushiwa waya mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa antena. Kumi na nne kwa mbili ni saba, na saba mara saba ni 49. Hamsini mara 49 ni 2,450. Mwalimu wa hesabu akisoma hapa nadhani atatabasamu. Ringi yote iliingia katika kijaluba cha plastiki cha kubebea chakula, tukakifunga upenuni mita 3 kutoka chini, kimepakwa rangi ile ile ya ukuta.

Waya tuliupata kwa fundi wa kuzungusha mota. Ni waya wa shaba wa unene wa milimita 1, una vanishi ya rangi ya kahawia, na ukiwa juu mita 6 huwezi kuutofautisha na kitawi kikavu. Nao kwa wembamba wake haumshawishi mwizi. Kwenye ncha wengi hutumia vihami vya kauri vyeupe ambavyo huonekana kama meno. Sisi tulitumia mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi haupitishi umeme, hauozi kwa mvua, hauonekani, na duka lolote la vifaa vya wavuvi unao. Sijaona kifaa cha antena kinachoushinda.

Mtaa wetu jina lake tu lanukia embe, na ploti yetu haikutoka mikono mitupu. Mbele pana mwembe, nyuma pana mnazi. Waya ulitoka upenuni, ukapanda mpaka panda ya mwembe, ukavuka ua hadi karibu na mnazi. Huko juu ya mnazi hatukupanda sisi. Tulimlipa mkwezi wa nazi, naye akapanda na mshipi kiunoni, akaufunga, akashuka na madafu mawili juu ya bei. Waya haukukazwa kama uzi wa gambusi. Kusi ikivuma mnazi hucheza, na waya uliokazwa hukatika usiku wa kwanza. Uache ulegee kidogo tumboni. Tena usiuache ulale juu ya majani ya mwembe, maana majani mabichi hunywa nguvu ya redio, na mvua ikinyesha huinywa zaidi.

Watu huniuliza kwa nini hatukuuficha chini ya paa, tukamaliza kazi. Jibu ni bati. Bati kwa mawimbi ya redio ni ukuta, na antena chini yake ni kama mtu anayeita akiwa ndani ya pipa. Lau nyumba ingekuwa ya makuti au ya vigae ningesema ndiyo, tundikeni ndani, kwani makuti hayazuii redio, na hapo hata mwenye nyumba hangejua kuna kitu. Slabu ya saruji nayo ina nondo ndani, haifai. Basi waya wetu hupita juu ya ua, si juu ya bati. Waya wa koaksia uendao kwenye redio hupita katika tundu la hewa kati ya ukuta na bati, mahali palipokuwa wazi tangu nyumba ijengwe. Masharti yote matatu ya mwenye nyumba yakawa yametimia.

Kuupima waya kulitwaa asubuhi nzima. Tuliukata mita 21 kusudi, kwa kuwa kupunguza ni rahisi na kuunga ni aibu. Kifaa kidogo cha kupimia antena kikatuambia kwamba waya wapenda megahezi 6.8, yaani ni mrefu mno. Nikashusha mshipi, nikakata sentimita 10, nikapandisha. Ami akasoma, "Bado, mwanangu." Nikashusha tena. Mara ya tisa akanyamaza muda, kisha akasema, "Funga hapo hapo." Jirani mmoja alikuwa ameketi na kikombe cha kahawa akitutazama muda wote huo kama mwamuzi.

Nifike penye hatari, na hapa naomba wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wasome taratibu. Ya kwanza ni waya wa stima upitao nje. Katika mitaa yetu nyaya za umeme hupita chini na karibu, na waya wa antena ukiuangukia mmoja wao, anayeushika hufa. Hakuna bahati nasibu hapo. Pima hivi: antena ikikatika upande wowote na upepo ukaivuta, je, yaweza kuufikia waya wa stima? Ikiwa yaweza, hapo si mahali pake hata kama pamefichika vizuri namna gani. Sisi tuliacha njia ya kwanza, iliyokuwa nzuri zaidi kwa redio, kwa ajili hiyo.

Ya pili haionekani. Katika vitabu vya ng'ambo utasoma kwamba antena yaweza kujifanya kamba ya kuanikia nguo. Mimi siafiki hata kidogo, angalau si katika ploti yenye akina mama na watoto. Chukua ile hesabu yetu ya omu 2,450. Ukirusha kwa wati 100, zidisha 100 kwa 2,450, tafuta kipeuo cha pili, utapata karibu volti 495 kwenye ncha ya waya. Hata kwa wati 20 ni volti 221. Mama akigusa hapo na kanga mbichi mkononi ataungua, na kuungua kwa redio huingia ndani ya nyama kuliko kunavyoonekana juu. Kwa sababu hiyo ncha zote mbili tuliziweka mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki, na Ami hutumia wati 20 tu.

Ya tatu ni radi. Mawingu yakikusanyika, kuizima redio hakutoshi. Chomoa waya wa koaksia na uutoe nje. Tulipigilia pia kijiti cha shaba cha mita moja na nusu ardhini, karibu na ukuta, kikaunganishwa na kijaluba. Radi haijui kwamba antena yako imefichwa.

Siku ya pili jirani wa chumba cha tatu alikuja kulalamika kwamba spika yake yakoroma kila Ami anapozungumza. Hakugombezwa. Ami alimpelekea kipande cha feraiti, akauzungusha waya wa spika ndani yake mara kadhaa, mkoromo ukaisha. Naona jambo hili ni la maana kuliko ufundi wote wa kuficha, kwa sababu antena husalitiwa na jirani aliyekasirika mapema kuliko inavyosalitiwa na macho ya mpita njia.

Je, ilifanya kazi? Waya wetu uko chini, na waya ulio chini kwa megahezi 7 hurusha mawimbi kwenda juu moja kwa moja, yakagonga tabaka la anga lenye umeme na kurudi kama mvua karibu na yalikotoka. Hivyo mchana tulipata Nairobi vizuri sana, na Zanzibar, ambayo ni kama kilomita 240 kutoka hapa. Kwa megahezi 28 mambo hubadilika. Mita 6 ni zaidi ya nusu ya wimbi lake, mawimbi hutoka yameinama, yakaenda mbali. Jua nalo lilitusaidia. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11, na kilele cha mzunguko huu kilikuwa mnamo 2024. Madoa yakiwa mengi, mawimbi haya husafiri kwa nguvu ndogo.

Alasiri moja Ami aliita, akasikiliza, akaita tena. Ikajibu sauti kutoka Muscat, kilomita 3,700 hivi kutoka kwenye mwembe wetu. Walianza kwa Kiingereza, wakapeana majina ya mwito na nguvu za mawimbi kama ilivyo desturi. Kisha yule bwana akauliza, "Wewe wa Mombasa, wapi hasa?" Ami akamjibu kwa Kiswahili, na tangu hapo Kiingereza hakikusikika tena. Mama yake bwana huyo alizaliwa Unguja. Waliulizana habari za bei ya nguru. Yule aliyetaka kuinunua redio aliambiwa jioni ile ile kwamba haiuzwi.

Kwa wenzangu mnaotaka kuanza, anzeni kwa kusikiliza. Redio ndogo ya mawimbi mafupi na waya wa mita 10 uliofungwa kwa mshipi dirishani hadi mtini vyatosha. Ikiwa redio yako yapokea Morse, weka megahezi 14.100. Hapo pana mtandao wa vituo 18 vilivyogawanywa duniani, ambavyo hupokezana kwa zamu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse kisha hupiga vistari vinne, cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa 10, cha tatu kwa 1, na cha nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Nafasi ya Kenya katika mtandao huo ni 5Z4B, zamu ya kumi na mbili, baada ya Afrika Kusini. Hesabu ni vistari vingapi unavyosikia kutoka kila nchi, andika saa na tarehe, na mwezi ukiisha utajua waya wako husikia wapi na saa ngapi. Daftari langu liko katika kabati la Chama cha Kiswahili, rafu ya chini.